Re: Mguu umeshanyooka, naweza kumvua viatu vya chuma?

Mwaya USIMVUE. Nimesoma "ana miezi nane, mguu umenyooka kabisa, usiku analia namwonea huruma" nikajiona mimi mwenyewe, hata salamu nimesahau.

Wangu alizaliwa na mguu kifundo wa kulia, yaani umepinda kuelekea ndani. Mahogo (plasta ngumu za kunyoosha mguu) sita, kila wiki moja, akakatwa mshipa wa kisigino, hogo la mwisho wiki tatu, ndo viatu, vile viwili vilivyounganishwa na chuma katikati. Ile miezi mitatu ya masaa 23 kwa siku tulimaliza vizuri tu. Ilipobaki kuvaa akilala ndo ujinga wangu ukaanza. Mtoto analia saa nane usiku, chuma kinanigonga mbavu, asubuhi kazini. Akaja wifi yangu (Mungu anamwona) eti mguu si umenyooka huu, mnamtesa mtoto wa watu bure, mchueni mafuta ya nazi atakuwa sawa. Na mimi na diploma yangu nikakubali!! Nikamchinjia na kuku. Viatu juu ya kabati, nikalala miezi minne kama sina mtoto.

Alipoanza kutembea kisigino hakigusi chini, vidole vinaangalia ndani. Wifi akasema ndo mwendo wa kwao huo. Mwendo wa kwao! Ukoo mzima nimewakagua harusini, hakuna anayetembea vile.

Tukarudi mahogo manne mengine, na sasa sio kachanga, ni mtoto anayejua kupiga mateke. Moja likateleza, vidole vikazama ndani, nikasema nitaenda kesho, kesho yake wakafungua wakakuta kidonda (ukiona vidole vinazama au vinabadilika rangi nenda siku hiyohiyo). Mshipa ukakatwa tena. Alipofika miaka mitatu na kitu bado unavuta ndani, wakamfanyia operesheni ya kuhamisha mshipa wa mbele ya mguu. Kisa usingizi wangu.

Mguu kunyooka sio kupona, unavyokua ndo unavyorudi. Viatu kila usiku mpaka miaka minne, mitano. Usiku mmoja mmoja wa huruma ndo unaanziaga hivyohivyo. Akilia, fungua uangalie kisigino kimekaa chini kabisa au kinaelea, kuna lengelenge, vidole vimefika mwisho wa kiatu? Basi ni saizi, rudi kliniki wakubadilishie, sio uvifiche.

Uliuliza na bima eeh na sijui atachelewa kutembea, wengine watakujibu. Mimi unijibu hili tu: usiku wa jana alivaa?