Picha ya Mishipa ya Moyo Inapotoka na Ukungu

Shikamoo daktari. Nimepigwa CT ya moyo, ile picha ya mashine ya eksirei inayozunguka mwili, ripoti inasema mshipa wa kulia haukuonekana vizuri kwa sababu ya mtikisiko. Umeziba?

Marahaba. Ripoti haisemi umeziba wala haujaziba, inasema haukusomeka. Mshipa huo ndio unaotusumbua kuliko yote, kwani kila pigo huuyumbisha sana, hasa sehemu yake ya katikati. Waulize waliokupiga kama picha inaweza kutengenezwa upya kwa kutumia kipindi kingine cha pigo. Mara nyingi kumbukumbu hizo zimo mashineni, na hupigwi tena mionzi.

Presha yangu ni nzuri. Mbona nilipewa vidonge vya kutuliza moyo?

Hapa ndipo picha inapofaulu au kuharibika. Mashine ya kawaida huhitaji nusu mzunguko kupata picha moja: ikizunguka kwa sekunde 0.28, picha inachukua sekunde 0.14. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 1, na likifika kama asilimia 70 hadi 75 mishipa hutulia kidogo. Hapo ndipo tunapoivizia, tukiongozwa na nyaya za ECG kifuani, zinazofuatilia umeme wa moyo. Mapigo yakifika 90, pigo hubaki sekunde 0.67, na kinachopungua zaidi ni huo utulivu. Ndiyo maana ulipewa metoprololi, hicho kidonge cha kutuliza moyo, saa 1 hivi kabla ya kipimo. Mwenye pumu atuambie mapema. Nawasihi wenzangu wa radiolojia: mgonjwa akiwa bado na mapigo 80, msubirini. Kuharakisha ni kumwongezea mionzi bure.

Mashine mpya si zimemaliza tatizo hili?

Zimelipunguza sana. Zenye mirija miwili ya eksirei, zilizoanza kutumika miaka ya 2005 na 2006, huhitaji robo mzunguko tu. Za sasa hufikia sekunde 0.066. Zipo pia programu zinazofuatilia mwendo wa mshipa na kuondoa ukungu wake pichani. Lakini mapigo yanayorukaruka bado huzishinda.

Kahawa je?

Iache tangu siku iliyotangulia. Chai ya rangi pia.

Huwa naogopa kubana pumzi wakati wa kupigwa picha.

Fanya mazoezi nyumbani: vuta pumzi ya wastani, bana kwa sekunde 10, usijikaze. Dawa ya kuonyesha mishipa pichani ikiingia utasikia joto mwili mzima, hata udhani umejikojolea. Hujajikojolea. Ukilijua hilo mapema, moyo hautashtuka.

Na akina baba, ukimeza dawa za nguvu za kiume, sema. Tunaweka nitroglisirini chini ya ulimi kutanua mishipa, na zikikutana presha huporomoka vibaya.