Tangi Dogo, Samaki Wengi: Maswali Yenu na Majibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza mambo mawili: samaki gani akae na nani, na wakae wangapi. Nimefurahi, maana samaki wengi wanaofia majumbani Nairobi hawauawi na ugonjwa. Wanauawa na msongamano, au na jirani waliyewekewa.

*Mwalimu, fundi wa vioo amenitengenezea tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Muuzaji anasema linabeba samaki thelathini. Ni kweli? Baba Wawili, Donholm.*

Si kweli, Baba Wawili, na tafadhali usiwanunue hao thelathini. Piga hesabu kwanza. Zidisha 60 kwa 30 kwa 30, kisha gawanya kwa 1,000: unapata lita 54. Lakini tangi halijazwi hadi ukingoni, na changarawe, mawe na mimea navyo vinachukua nafasi. Utabaki na maji kama lita 45, na hizo ndizo utakazogawia samaki.

Kipimo cha kuanzia ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita mbili. Mpime kwa urefu atakaofikia akikomaa, bila mkia, wala si kwa urefu alio nao ndani ya mfuko wa plastiki dukani. Neoni, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mstari unaong'aa, hukomea sentimita tatu na nusu hivi, kwa hiyo lita 45 zinatosha neoni sita. Najua sita wanaonekana wachache ukiliangalia tangi tupu. Wape mwezi mmoja, wazoee, waanze kuogelea kwa kundi. Hutatamani thelathini tena.

Kipimo hicho kinawafaa samaki wadogo wembamba tu. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane, na uchafu anaotoa unafuata uzito. Kwa hiyo samaki mmoja mnene wa sentimita 20 si sawa hata kidogo na neoni sita.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Nairobi. Jiji liko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya joto lile lile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Ndugu yako wa Likoni akikwambia tangi lake la lita 45 lina samaki ishirini na wote wazima, usimuige. Nunua kichujio kinachozungusha kama lita 200 kwa saa, kielekeze kitikise uso wa maji, uanze na neoni sita. Miezi miwili ikipita bila kifo, ongeza kidogo kidogo, ukomee kumi au kumi na wawili. Na siku ukitaka tangi kubwa zaidi, mwambie fundi aongeze urefu na upana, si kimo. Hewa huingilia juu, na tangi jembamba refu kama mnara lina uso mdogo hata likiwa na lita nyingi.

*Nina goldifishi wawili na nataka kuwaongezea neoni watie rangi. Wataelewana? Dada wa South B.*

Hawatapigana, dada, lakini hawafai kukaa pamoja. Goldifishi anastarehe kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22, yaani joto la sebule nyingi za Nairobi bila hita yoyote. Neoni anataka 24 au 25, na kati ya Juni na Agosti hawezi kukaa hapa bila hita. Ukimridhisha mmoja unamtesa mwingine. Tena goldifishi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita tu, ndiyo maana anachafua maji kuliko karibu samaki yeyote wa mapambo. Akikua, neoni anamwenea kinywani.

Swali ambalo hukuuliza ndilo linalonipa wasiwasi: hao wawili wako kwenye chombo gani? Ikiwa ni lile bakuli la duara, wahamishe mwezi huu. Goldifishi wa mapambo, wale wenye mikia miwili, hupita sentimita 15. Wa kawaida hupita 20. Wawili wanataka lita 100 hivi. Ukitaka kuwapa wenzao, waulizie zebra danio dukani, wanaostahimili baridi yetu, ila wanunue wakubwa kidogo.

*Beta dume anaweza kuishi na gapi? Na beta madume wawili je? Kijana wa Kasarani.*

Madume wawili, kamwe, hata tangi liwe kubwa. Watapigana mpaka mmoja afe au abaki bila mapezi. Gapi dume mwenye mkia mpana wa rangi, beta humwona kama beta mwenzake, naye atamrarua. Mpe beta lita 20 zake peke yake, na hita ya nyuzi 26. Ukitaka lazima awe na wenzake, wawe samaki wa chini wasio na mapezi marefu, kama kori, kundi la sita, na tangi liwe la lita 60 kwenda juu.

*Neoni wangu walikuwa kumi, leo ni wanne, na sijaokota hata maiti mmoja. Humo ndani nina pia enjeli wawili. Mama wa Umoja.*

Pole, mama. Kesho washa taa mapema kabla ya kuwalisha, uwatazame enjeli matumbo yao. Ukiyakuta yametuna alfajiri na hujawapa chakula tangu jana jioni, jibu unalo.

Enjeli huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na katika umri huo hamgusi mtu. Baada ya miezi kadhaa mwili wake unafika sentimita 12 hadi 15, na kinywa kinapanuka vilevile. Huwinda usiku, neoni wakiwa wametulia chini bila mwendo. Wala usimwite mkorofi. Yeye ni aina ya sikilidi, jamii moja na ngege (tilapia), na samaki hula kinachoingia kinywani. Ndiyo kanuni ninayowaomba nyote mwende nayo dukani: usiulize kama samaki huyu ni mpole, uliza kama mwenzake atamwenea kinywani akishakua.

Jibu likiwa hilo, wahamishe wale wanne siku hiyo hiyo, hata kama ni kwenye ndoo safi yenye hita kwa muda. Enjeli wabaki na samaki wa miili mipana zaidi, lakini si taiga babi. Hao wenye mistari wanapenda kung'ata mapezi marefu, na enjeli watabaki na vitambaa vilivyochanika.

*Nimeona video za matangi ya mbuna yaliyojazwa samaki mpaka basi, na wote wazima. Mbona sisi mnatukataza? Msomaji wa Lang'ata.*

Swali zuri sana. Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Malawi. Dume hushika jiwe lake na kumfukuza kila anayekaribia. Ukiweka watano, mwenye nguvu humchagua mnyonge mmoja na kumwandama mpaka afe. Wakiwa ishirini, hasira inagawanyika, hakuna anayeandamwa peke yake. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huwabana makusudi.

Video haikuonyeshi kilicho chini ya meza: vichujio viwili au zaidi, tangi la lita 250 au 400, na mtu anayebadilisha theluthi ya maji kila wiki bila kukosa. Isitoshe, Ziwa Malawi lina maji magumu kiasi, yaani yenye madini, na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya kati ya 7.7 na 8.6, wakati maji ya mfereji yanayotujia kutoka bwawa la Ndakaini ni laini. Itakubidi uyaongezee madini, mawe ya chokaa kwa mfano. Halafu fikiria siku stima imepotea kwa muda wa saa nane. Tangi lenye samaki wachache litavumilia. Lililobanwa hivyo, pampu ikikaa kimya, halina saa nyingi. Kama huna betri ya akiba, usiwajaribu mbuna.

*Kila asubuhi samaki wangu wako juu, wanapumulia mdomo usoni pa maji. Mchana wanatulia. Natumia maji ya kisima cha ploti, na tangi lina wiki tatu. Ruai.*

Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni, usiku huivuta kama samaki wanavyoivuta, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo hewa iko chini kabisa. Samaki wanaohema wakati huo wanakwambia wamezidi. Weka pampu ya hewa usiku kucha, na upunguze idadi.

Lakini tangi lako ni changa, na hapo kuna hatari nyingine. Mkojo na mabaki ya chakula hugeuka amonia. Bakteria huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na msimu wa baridi hukawia zaidi. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana alkali, na katika maji ya namna hiyo amonia ni sumu kali zaidi. Mtazame mmoja kwa karibu: matamvua yakiwa mekundu kama yaliyochubuka, ni amonia. Badilisha robo ya maji leo na robo kesho, lisha mara moja kwa siku mbili, usiongeze samaki mpaka wiki ya sita ipite. Sponji ya kichujio ioshe kwa maji ya tangi lenyewe, usiioshe bombani, kwa sababu klorini itawaua bakteria unaowasubiri. Na ukihamia maji ya mfereji, yaache kwenye ndoo wazi saa 24 kwanza.

*Gapi wangu walikuwa sita, sasa siwezi kuwahesabu. Naweza kuwaachia kwenye bwawa? Mwanafunzi, Juja Road.*

Usiwaachie, kijana wangu, hata mmoja. Kamba wa maji yasiyo na chumvi kutoka Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumwondoa. Gapi naye anaishi popote palipo na maji ya vuguvugu. Wape marafiki, au wapeleke dukani. Wauzaji wengi huwapokea wakiwa wazima.

Kisha tenganisha madume na majike. Jike huzaa kila wiki nne hivi, na mbegu za dume huhifadhi miezi kadhaa, kwa hiyo majike uliowatenga leo bado watazaa mara kadhaa. Utamjua mjamzito kwa doa jeusi karibu na mkia, linalozidi kukolea siku zikikaribia. Ukitaka rangi bila watoto, fuga madume tu.

*Niongeze pleko asafishe kioo? Kilimani.*

Hapana. Pleko wa kawaida hupita sentimita 40, na kinyesi chake ni kingi kuliko ukoga anaoula. Punguza saa za taa zifike sita au saba kwa siku, na kioo kisugue kwa sponji mpya isiyo na sabuni.