Kabla hujameza kidonge cha pili

Msomaji mmoja wa Tabora kaniandikia: kapewa amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5, kameza siku nne, mashine bado inasoma 160 kwa 100, basi kaanza kumeza viwili viwili. Anataka nimwambie amefanya la maana.

Dada yangu, hapana. Amlodipini si panadol. Inajikusanya mwilini polepole. Inachukua kama wiki nzima kiwango chake kwenye damu kutulia, na nguvu yake kamili unaweza kuiona baada ya wiki kadhaa. Rudi kwa aliyekuandikia na umwambie wazi kwamba unameza viwili. Asipojua, presha ikishuka atadhani ni ile 5 iliyofanya kazi. Na ukiona kifua kinabana, mdomo unapinda au upande mmoja umeishiwa nguvu, hapo si kliniki tena, kimbia hospitali.

Hiyo miligramu 10, yaani viwili vya 5, naijua mimi. Kuna mahali, sitapataja, walinifunga mashine juu ya sweta, nikiwa bado nahema kwa ngazi. Wakasoma, wakaandika 10, mwingine aingie. Presha ilishuka, sikatai. Lakini miguu! Ikifika jioni mikanda ya ndala imezama kwenye nyama. Nikibonyeza kidole kwenye muundi, shimo linabaki palepale. Majirani wakaanza kuninong'ona, figo hizo. Nikarudi kulekule. "Mama, punguza kula," nikaambiwa, na nikaongezewa dawa ya kukojoza. Usiku kucha niko chooni, asubuhi miguu ile ile. Mimi ninayetembea na ndoo ya samaki kichwani kutwa nzima, eti nipunguze kula! Mpaka leo linanichoma.

Daktari wa pili, kijana tu, aliniomba kwanza nimwage dawa zote mezani. Akanieleza kwamba amlodipini hutanua zaidi mishipa inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji yanavuja na kutuama miguuni. Dozi ikipanda, uvimbe nao unapanda, na dawa ya kukojoza haisaidii sana uvimbe wa aina hiyo. Akaifuta, akanirudisha kwenye 5, na baada ya kupima figo na potasiamu akaniongezea losartani ya 50, dawa ya presha ya kundi jingine, ambayo hutanua na ile mishipa ya kurudisha. Miguu ilinywea. Juzi nimesoma 126 kwa 78, na acheni niringe.

Jamani, dozi mara mbili haishushi presha mara mbili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya majaribio 42, ulikuta kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine kunashusha presha takriban mara 5 zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya dawa ile ile. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza mchanganyiko wa dawa, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Kwa hiyo ukiambiwa 10, uliza kwa heshima kama 5 na dawa nyingine haifai kwako. Wapo wanaotumia 10 bila shida yoyote, wala siwaambii waache.

Na tuache kuazimana vidonge kama chumvi. Losartani ikimkuta mjamzito inamdhuru mtoto tumboni. Ukisahau kidonge cha jana, usimeze viwili leo. Presha ikiwa nzuri usiache dawa. Ni nzuri kwa sababu unameza.

Kabla ya kukubali kupandishiwa dozi, kaa dakika 5 kimya, vua nguo nzito mkononi, nenda haja kwanza, ndipo upimwe. Halafu sema ukweli kuhusu diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti, maana hupandisha presha. Ukiichanganya na losartani na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia, kwa hiyo muulize daktari kabla hujainunua dukani, hata goti likuume vipi.