Mtaala wa historia kwa anayesomea nyumbani: anza na karatasi ya mtihani

Wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani hapa Malindi huniuliza sana: nimnunulie mwanangu kitabu gani cha historia? Nami huwauliza: atafanya mtihani gani, na pepa zake zinaulizaje? Kitabu hufuata baadaye sana. Katika historia ya ngazi ya juu mtoto anaweza kumaliza vitabu vinene, akajua tarehe zote kwa moyo, na bado akaambulia alama chache kwa sababu hakuna aliyemfunza kujibu kinachoulizwa.

Binti yangu anasomea A-Level ya Cambridge, mtihani wa Uingereza wa kumaliza sekondari ya juu. Historia yake ina pepa nne; mbili za mwanzo ndizo za AS, yaani nusu ya kwanza ya A-Level, na mbili zinazobaki hukamilisha A-Level. Pepa 1 ni ya saa moja na robo. Mtahiniwa hupewa vyanzo vinne vya wakati ule, kama barua, hotuba au habari ya gazeti, na maswali mawili, la alama 15 na la alama 25. Pepa 2 ni ya kueleza sababu na kujenga hoja. Pepa 3 humpa kipande cha maandishi ya mwanahistoria, naye aonyeshe mwandishi huyo anadai nini na amelifikia vipi dai lake. Mada zake ni asili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na Vita Baridi. Pepa 4 ni insha mbili, kila moja alama 30. Hakuna hata pepa moja inayosema "taja".

Wanaofuata mtihani wa AP wa Marekani, wa masomo ya kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari, wana njia nyingine. Historia ya dunia ya AP huanzia mwaka 1200, na biashara ya Bahari ya Hindi pamoja na miji ya Waswahili imo ndani, jambo ambalo mimi nalipenda sana. Maswali ya kuchagua jibu ni asilimia 40 ya alama, na insha moja ya kutumia hati saba ni robo nzima. Tangu 2025 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta. Kwa hiyo mtoto wa AP afunzwe kuandika hoja kwa kibodi, na wa Cambridge ajenge mkono wa kalamu, kwani saa moja na robo hupita mbio.

Ukishajua hayo, sasa ndipo uangalie vitabu na masomo ya mtandaoni. Kipimo changu ni hiki: fungua sura yoyote, utafute mahali ambapo watu wawili wanasema mambo yanayopingana kuhusu tukio moja, na mtoto anatakiwa aamue na aandike sababu. Ukikosa, hata baada ya sura tatu, rudisha. Kuna vifurushi vizuri mno vya hadithi za historia, vina picha na ramani za kupendeza, na mtoto wa miaka kumi atafaidika navyo. Wa miaka kumi na sita anayesubiri Pepa 1 havimtoshi.

Na mazoezi ya vyanzo si lazima uyanunue. Sisi watu wa Malindi tunayo mlangoni. Chukua rubani aliyemvusha Mreno Vasco da Gama kutoka hapa hadi India mwaka 1498. Huku karibu kila mtu atakwambia ni Ibn Majid, yule baharia Mwarabu mashuhuri. Lakini shajara ya mmoja wa waliokuwamo safarini inasema mfalme wa Malindi aliwapa rubani Mkristo. João de Barros, Mreno aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Anayemtaja Ibn Majid ni al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, tena anaongeza kwamba alikuwa amelewa alipowaonyesha njia.

Nilimwekea binti yangu maelezo hayo matatu mezani, nikaweka saa, nikanyamaza. Kwanza alikwama kwenye neno "Mkristo". Aliporudia shajara akaona kwamba Wareno waliwadhania Wahindi waliowakuta bandarini hapa kuwa Wakristo, na kwamba walikuja wakitafuta Wakristo na viungo. Akaandika kuwa shajara ni shahidi mzuri wa siku ya kuondoka, 24 Aprili, lakini si shahidi wa kutegemewa kuhusu dini ya mtu. Kuhusu al-Nahrawali akaandika kuwa aliishi wakati Wareno wameshaiharibia biashara Bahari ya Sham, hivyo alikuwa na sababu ya kutafuta wa kulaumiwa. Hiyo ndiyo Pepa 1 yenyewe. Jioni, baada ya chuo (madrasa), tulitembea hadi kwenye nguzo ya da Gama tukiendelea kubishana.

Tulijadili kwa Kiswahili, kisha akaandika kwa Kiingereza cha mtihani. Nashauri mzazi yeyote afanye hivyo. Mtoto akiwa na hoja tayari kwa lugha anayoiota, kazi inayobaki ni ya kuivalisha Kiingereza tu.

Cambridge hukupa pia mikondo ya kuchagua: Ulaya, Marekani au ya kimataifa. Mimi nilipendelea wa kimataifa, wa 1870 hadi 1945, kwa kuwa kugawanywa kwa Afrika kumo. Witu, hapo njiani kuelekea Lamu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885. Mwaka 1890 wakaiachia Uingereza katika mkataba uleule uliowapa kisiwa cha Heligoland. Mtoto anayejua Witu iko wapi hasahau mkataba huo.

Kama fedha ni chache, nunua kitabu kimoja kinachofuata silabasi ya sasa, uangalie miaka iliyoandikwa kwenye jalada, na zinazobaki umlipe mwalimu wa kusahihisha insha. Si wa kufundisha, wa kusahihisha. Pepa za miaka iliyopita na miongozo ya usahihishaji hupatikana, lakini insha hupimwa kwa viwango vya ubora wa hoja, na mzazi huwa na huruma mno na mwandiko wa mwanawe. Insha moja kwa wiki, irudi na maelezo, iandikwe upya.

La mwisho, tafuta kituo kinachopokea watahiniwa wa kujitegemea kabla hujanunua chochote, maana si kila kituo hutoa kila somo. Chetu kiko Mombasa. Uliza kama wanatoa historia, pepa zipi, msimu gani, na siku ya mwisho ya kujisajili, ambayo huwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Jina la mtoto kwenye fomu liwe lilelile la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Na kama pepa ni ya asubuhi, alale Mombasa kwa jamaa usiku wa kuamkia siku hiyo, asitegemee matatu ya alfajiri.