Berlin: kabla ya koti, kisanduku cha barua

Juzi kijana mmoja ameniandikia. Amepata kazi ya kompyuta Berlin, anaondoka mwezi ujao, na anauliza abebe koti la aina gani. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana hata mimi swali langu la kwanza lilikuwa koti. Koti utalinunua hukohuko, mdogo wangu. Kaa nikusimulie kilichonitoa jasho kwenye baridi ile.

Nilitua nikijiona nimemaliza kila kitu. Kazi ninayo, mkataba nimesaini, picha ya Lango la Brandenburg imeshaingia kwenye kundi la familia. Mwezi wa kwanza nilikaa mtaa mmoja wa Berlin uitwao Wedding, kwenye chumba nilichopangishwa na mpangaji mwenzangu, na jamaa akagoma kunipa karatasi ya kuthibitisha kwamba naishi pale. Bila karatasi hiyo ofisi ya mtaa, wanayoiita Bürgeramt, haikuandikishi, wakati sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Sitaki kuuongelea sana mwezi ule. Nilihama.

Neukölln nikapata nyumba yangu mwenyewe: chumba, choo na jiko. Jiko kwa maana ya mahali pa kuweka jiko, kwa sababu mpangaji aliyenitangulia alikuwa ameng'oa kila kitu, mpaka sinki, akaondoka nacho. Kumbe ni kawaida yao. Dhamana ya kodi ya miezi mitatu nikailipa yote kwa mkupuo. Hakuna aliyeniambia kwamba sheria inamruhusu mpangaji kuigawa mara tatu. Mwenye nyumba simlaumu, angenifundisha kwa faida gani? Ila kuna ndugu yetu mmoja, ana miaka tisa pale, wiki ileile tulikunywa naye chai. Nilipomweleza akanijibu, "Si ungeuliza?" Ningeulizaje kitu ambacho sijui hata kama kipo? Neno lile bado limenikaa kooni.

Basi, safari hii karatasi nikapata, nikaandikishwa, nikatoka Bürgeramt natembea kama mwenyeji. Kilichobaki ni kusubiri barua. Kule mambo mazito huja kwa bahasha: namba ya siri ya benki, kadi ya bima ya afya, na namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, Steuer-ID, ambayo hawakutajii kwa simu wala kwa barua pepe. Nikasubiri. Kila jioni nafungua kisanduku nakuta matangazo ya piza. Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia karibu nusu, kwa kuwa mtu asiye na namba hukatwa kodi kwa daraja la sita, lililo kali kuliko yote. Usiku ule sikulala. Nilishaahidi watu pesa.

Aliyeniokoa ni bibi wa ghorofa ya chini, yule anayemtoa mbwa wake kila saa moja asubuhi. Alinivuta mkono mpaka kwenye visanduku. Viko 24, vya bati, kila kimoja kina kijikaratasi chenye jina. Akaweka kidole kwenye changu. Jina lililokuwapo ni la yule aliyeondoka na sinki. Nilikuwa nikiliona kila siku nikidhani ni jina la kiwanda kilichotengeneza kisanduku!

Nyumba nyingi kule milango haina namba. Juu ya bahasha kuna mtaa, namba ya jengo na jina lako, basi. Tarishi anasoma majina, asipoliona lako anarudi na barua yake. Bibi akaniletea utepe mweupe, ule wa kufungia vidonda. Nikaandika jina, akatikisa kichwa: herufi kubwa zaidi. Nikaandika upya, tukabandika kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlangoni.

Barua ya kwanza kuingia ilinidai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Televisheni yenyewe sina. Hulipwa kwa kila nyumba, uwe nayo usiwe nayo. Nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Namba ya mlipakodi ikafuata, na zile pesa zikarudishwa kwenye mshahara uliofuata.

Siku hizi mimi ndiye ninayepigiwa simu na wageni, na sijawahi kumwambia mtu "si ungeuliza". Kwa hiyo wewe unayefungasha, sikia. Usimpe mtu hata senti kabla hajakubali kwa maandishi kwamba utajiandikisha kwenye nyumba yake. Dhamana igawe. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, siyo lile tunalokuitia sisi, na libandike siku ileile unayokabidhiwa funguo, kabla hujanunua godoro. Narudia: siku ileile. Acheni kupiga picha kwenye malango mnajiona mmefika wakati hata tarishi hawajui.

Ukishabandika, kipige picha hicho kisanduku unitumie. Habari ya koti tutaongea.