Mkaratusi ni wa pua, si wa tumbo

Harufu ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa saa nane usiku, mwanangu anakohoa mfululizo, nami kwa uvivu wa kuwasha taa nikapapasa kabatini, nikatoa chupa na kumimina kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa kimeshamkaribia mdomoni pua yangu ilipozinduka: hii si dawa ya kikohozi, ni mafuta ya mkaratusi. Chupa zote mbili zilikuwa ndogo, za kioo cha kahawia. Kile kizibo cha kudondoshea nilikuwa nimeking'oa mwenyewe wiki moja kabla, kwa sababu kilikuwa kinanichelewesha.

Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa mtoto mdogo, kiasi hicho, na hata pungufu yake, kinaweza kuleta degedege na kumpotezea fahamu. Mimi nilidhani ni majani tu, na majani yatamdhuru nani?

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Jani la mkaratusi lina mafuta kidogo sana; ili kujaza kichupa kimoja hukamuliwa kwa mvuke rundo zima la majani. Kinachobaki kwenye chupa ni ukali wa rundo lile, na sehemu yake kubwa ni sineoli, kemikali inayoleta ile harufu inayopasua pua. Miti yenyewe, ambayo asili yake ni Australia, ina aina zaidi ya 700, na si zote zenye mafuta ya aina moja. Kwa hiyo anayekuambia "chuma tu majani ya mkaratusi wowote" muulize kwanza ni upi.

Baada ya usiku ule sikuutupa mkaratusi. Nilijifunza tu kuutumia.

Faida ninayoijua kwa mwili wangu ni ya mafua. Pua ikiziba, mara nyingi si kamasi peke yake. Ngozi laini ya ndani ya pua huwa imevimba. Sineoli huamsha neva zinazohisi ubaridi, ukajiona unavuta hewa vizuri. Nasema ukajiona, maana uvimbe unaweza kuwa uko palepale. Hiyo haiufanyi kuwa uongo: mtu aliyekesha akihema kwa mdomo anahitaji hata hiyo nafuu ili apate usingizi. Lakini mafua yenyewe yatakwisha kwa siku zake, na mkaratusi hautibu nimonia. Mtu akihema kwa shida, au homa ikigoma kushuka, mpeleke hospitali.

Kujifukiza sasa nafanya hivi. Maji yakishachemka nayamimina kwenye beseni zito, nalitua juu ya meza imara, halafu nasubiri dakika chache mvuke upungue ukali. Natia matone mawili au matatu, basi. Nafumba macho, kwa kuwa mvuke huo huwasha, na uso nauweka mbali kidogo na maji. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sufuria iliyotoka jikoni ikitokota, mtu akaipakata chini ya blanketi, ni ajali inayosubiri kutokea. Kinachounguza watu ni maji kumwagika kuliko mafuta yenyewe. Mtoto simfukizi kabisa. Ana mafua? Nampa vitu vya kunywa vya kutosha na matone ya maji ya chumvi ya pua, yale ya duka la dawa.

Kwenye ngozi nako nilishaungua kidogo. Nilijipaka kifuani bila kuchanganya na chochote, asubuhi nikaamka na vipele vyekundu. Sasa kwa mililita 30 za mafuta ya nazi au ya alizeti natia matone 12, na kabla ya kujipaka najaribu kwanza nyuma ya mkono, nangoja siku nzima. Usoni mwa mtoto mchanga, hasa karibu na pua, usipake kamwe: harufu hiyo inaweza kumbana pumzi. Mwenye pumu naye awe mwangalifu, maana wapo wanaofunguka kifua na wapo wanaobanwa zaidi. Na kama una paka, ujue mafuta haya ni sumu kwake. Atajilamba manyoya tu na kuyameza.

Kuna wanaoniuliza: mbona vipo vidonge vya sineoli vya kumeza? Ni kweli vipo, kwa ajili ya watu wazima, na dozi yake imepimwa kwa miligramu. Tone la kwenye chupa yako halijapimwa na mtu. Mimi silinywi, wala kwenye chai, wala kwenye asali.

Jambo la mbu nalo linachanganya. Dawa ya kufukuza mbu inayotajwa kuwa ya mkaratusi-limau imetengenezwa kwa namna yake na ina kiambato kinachoitwa PMD. Si sawa na kujipaka mafuta haya ya mafua ukatoka nje jioni. Na hata hiyo dawa haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 3.

Mtu akiyameza, usimtapishe. Mafuta yakipanda na matapishi yanaweza kuingia mapafuni, na hapo tatizo moja linakuwa mawili. Usingoje uone kama atalegea au kusinzia, kwa sababu dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa yenyewe ili daktari asome kilichoandikwa na aone kiasi kilichopungua.