Wale Wadogo Sio Watoto, Ni Waume

SWALI: Asalaam aleykum. Mi niko Langoni, Lamu, nyuma ya nyumba yetu kuna mkunazi una utando mkubwa wa rangi ya dhahabu, buibui mwenyewe miguu mirefu mpaka watoto hawapiti hapo. Sasa kando yake kuna vijibuibui vitatu vidogo mno na haviondoki, mi nasema ni watoto wake, nyanya anasema ni waume na ati wote wataliwa. Nani kashinda?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Nyanya kashinda, mpelekee kaimati zake. Watoto wa buibui huyu wakishatoka mayaini hawakai na mama, hutawanyika, wengine hupeperuka na upepo kwa uzi. Hao watatu ni madume, saizi ya milimita chache tu, na jike mwili peke yake bila miguu hufika kama sentimita 3, kwa hivyo siwalaumu wakitembea kwa adabu.

Ila kuliwa wote, hapo nyanya kaongeza chumvi kidogo. Dume mjanja hungoja. Jioni panzi akinaswa toka uangalie, jike akishaanza kula tu utaona kimoja kinateremka polepole mpaka chini ya tumbo lake, manake mdomo ukiwa na kazi yeye ana nafasi. Mbegu amezibeba kwenye vijimkono viwili vilivyo karibu na mdomo, yaani kabla ya yote alifuma kijitando kidogo, akadondosha mbegu hapo, akazifyonza kwa hivyo vijimkono (hii mi hunishangaza kuliko hata huko kuliwa). Kwa baadhi ya aina za buibui hawa ncha ya kijimkono huvunjikia ndani ya jike ikawa kama kizibo, wenzake wapate tabu. Akishavunja zote mbili uzazi wake umekwisha, na bado wengine hubaki hapo hapo kumlinda jike wakipigana na kila anayekuja.

Kwengine mambo ni makali zaidi. Australia kuna buibui mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni, dume wake katikati ya shughuli hujipindua akaweka tumbo lake mdomoni mwa jike, na mwaka 1996 mtafiti Maydianne Andrade alionyesha kwamba anayeliwa shughuli yake huchukua muda mrefu zaidi na hurutubisha mayai mengi zaidi, basi si ujinga. China nao wana buibui mdogo anaitwa Philoponella prominens, huyo akimaliza tu hujifyatua kama jiwe la manati kwa miguu ya mbele, watafiti walihesabu mara 155, mara 152 dume alijirusha akapona, wale 3 ambao hawakuruka wakaliwa wote.

Huyo wenu msimtoe kwa fagio, si mtu wa kuwafukuza na akiuma ni maumivu ya muda tu. Ila buibui lako la kuvaa, dada, tafuta kamba nyengine ya kulianika.